Mzigo Uliotulia: Mwongozo Kamili wa Kubeba Vifaa Kwenye Safari Ndefu ya Baiskeli

Kilo kumi zilizofungwa zikatulia humchosha mwendeshaji kidogo kuliko kilo sita zinazocheza. Mfuko unaoyumba nyuma ya siti huivuta baiskeli upande mmoja mguu wa kulia ukikanyaga, kisha upande wa pili mguu wa kushoto ukikanyaga. Mtu anayezungusha pedali mara 70 kwa dakika hukanyaga zaidi ya mara 8,000 kwa saa, na kila mara mikono na kiuno chake hulazimika kuirudisha baiskeli mahali pake. Hapo hatujataja njia mbovu. Kinachotikisika ndicho kinachokatika: bolti hulegea, mshono huachia, ukanda husaga rangi ya fremu hadi chuma kikaonekana.

Ndiyo maana swali ninaloliuliza kwanza kuhusu kila kitu ninachotaka kubeba ni hili: kitatulia wapi?

Katika safari yangu ya kwanza ya wiki tatu sikuliuliza. Siku ya nne, kwenye mteremko wenye mawe, mfuko wa nyuma uliokuwa umelegea ulishuka ukagusa tairi. Upepo ulikuwa mkali, sikusikia kitu. Nilipofika chini tairi lilikuwa limeshakula kitambaa na kutoboa mfuko wa kulalia, na manyoya yake yalikuwa yakipeperuka nyuma yangu kama sufi. Usiku ule nililala nimevaa kila nguo niliyokuwa nayo.

Mwongozo huu ni wa baikipakingi, yaani safari ya siku nyingi ambapo baiskeli inabeba malazi, nguo, vifaa vya ufundi, chakula na maji, na njia si ya lami peke yake.

Hatua ya 1: Tandaza, pima, punguza

Usianze na mifuko. Wengi hununua mfuko mkubwa kwanza, kisha nafasi ikibaki huitafutia kitu cha kuijaza. Anza na vitu vyenyewe. Tandaza shuka sakafuni, weka juu yake kila unachotaka kwenda nacho, ukipime kimoja kimoja kwa mizani ya jikoni na kuandika gramu zake. Utashangaa uzito unakotoka. Hema na jiko watu huvichagua kwa makini. Kinacholemea ni vile ambavyo hakuna aliyevihesabu: chaja ya pili, chupa nzima ya sabuni ya nywele, kufuli zito, jaketi la ziada.

Jumla ya hivyo vyote, bila chakula na maji, ndiyo uzito wako wa msingi. Penye joto, kilo 6 hadi 9 pamoja na mifuko yenyewe zinamtosha mtu mmoja anayelala kwenye hema. Penye baridi kali ongeza kilo mbili tatu. Ukivuka hapo rudi kwenye karatasi yako na ukipitie kila kitu: kikikosekana, safari itasimama au nitakosa starehe tu? Padi za breki zikiisha, safari inasimama. Shati la tatu likikosekana, unafua la pili.

Kitu chenye kazi mbili kina haki ya kwanza. Thomas Stevens alipoondoka San Francisco mwaka 1884 kwa baiskeli ya gurudumu kubwa mbele, akakata Marekani hadi Boston, nguo zake zilikuwa soksi, shati moja la akiba na koti la mvua ambalo usiku liligeuka hema na malazi. Sikushauri ulale ndani ya koti. Lakini jaketi la baridi linaweza kuwa mto, na sufuria ikawa bakuli na kikombe.

Pima na ujazo pia. Panga vitu vyote, bila chakula na maji, ndani ya sanduku la karatasi ngumu, ubonyeze kiasi, kisha zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita na ugawanye kwa 1,000. Sanduku la 40 kwa 30 kwa 30 ni lita 36. Ongeza lita tano hadi nane za chakula. Seti ya kawaida, yaani mfuko wa usukani, wa fremu, wa siti na vidogo viwili vitatu, hubeba kati ya lita 30 na 45. Ukiona umezidi sana, punguza vitu kabla ya kutafuta mfuko mkubwa zaidi.

Hatua ya 2: Ipime baiskeli nayo

Chukua futikamba. Pima kwanza kutoka reli za siti hadi juu ya tairi la nyuma. Ikiwa nafasi ni chini ya sentimita 18 hivi, mfuko mrefu wa siti utagusa tairi hata ukikazwa vipi, hivyo tafuta mfupi au weka keria nyepesi. Baiskeli yenye springi nyuma ipime ikiwa imebonyea mpaka mwisho: toa upepo wa shokabzoba, kaa juu yake, na mwenzako apime.

Pima kisha nafasi kati ya mikono ya usukani. Usukani uliopinda chini kama pembe za kondoo huacha nafasi finyu, na hema lenye fito za sentimita 45 mara nyingi halilali humo. Fito zinaweza kutolewa na kufungwa peke yake kwenye bomba la fremu, jambo ambalo kwa kweli ndilo zuri zaidi, kwa sababu ni ngumu, nyembamba na zinakaa kimya.

Kwa mfuko wa fremu, weka karatasi ngumu ndani ya pembetatu na uchore umbo lake kwa penseli, ukitia alama mahali pa chupa na nyaya. Kielelezo hicho ndicho utakachompelekea fundi wa kushona au kukilinganisha na mifuko iliyo tayari. Usisahau magoti. Mfuko wa fremu uliojaa ukapanuka kupita sentimita sita au saba utaanza kuyasugua, na kusuguliwa huko kwa siku kumi ni jeraha.

Mwisho hesabu matundu ya bolti. Mengi ni ya bolti za M5, yaani za unene wa milimita 5, na ya kushikia kibebeo cha chupa huachana kwa milimita 64. Uma wa mbele, ile miguu miwili inayoshika gurudumu, ukiwa na matundu matatu kila mguu unaweza kubeba vibebeo vikubwa. Watengenezaji wengi huruhusu kilo 3 kila upande, wengine chini ya hapo, na kijitabu cha baiskeli yako ndicho chenye neno la mwisho. Humo humo tafuta uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa: wewe, baiskeli na mzigo kwa pamoja. Uma wa chuma usio na matundu unaweza kuzungushiwa mkanda wa gundi kisha klipu za chuma za kukazia mabomba ya maji. Uma wa nyuzi za kaboni usiuguse kwa klipu hizo. Kaboni hubeba nguvu kubwa kwa mwelekeo iliyoundiwa, lakini haivumilii kubanwa kwa ukingo wa chuma.

Hatua ya 3: Keria au mifuko ya kufungwa moja kwa moja?

Ubishi huu ni mrefu kuliko unavyostahili. Keria yenye mifuko miwili ya pembeni hubeba kingi, hufungwa na kufunguliwa haraka, na uzito hukaa chini. Kwenye lami na changarawe laini, kwa safari ya miezi, ninaichagua bila kusita. Tatizo lake ni kwamba mzigo wote huning'inia kwenye bolti chache, na mtikisiko wa mawe hulegeza bolti na kuvunja vyuma. Keria imeandikwa kilo 25? Kwenye njia ya mawe mimi naiamini nusu yake. Pia baiskeli hupanuka, na kwenye kijia chembamba mifuko ya pembeni hushika vichaka na miamba, na pale unapolazimika kuisukuma hugonga ndama za miguu.

Mifuko inayofungwa moja kwa moja kwenye usukani, fremu na siti haina chuma cha kuvunjika, na baiskeli hubaki nyembamba. Hubeba vichache kuliko keria, na kuipanga kila asubuhi kunataka subira. Kwa njia mbovu ndiyo jibu. Mchanganyiko nao ni halali kabisa: keria ndogo nyuma yenye mifuko miwili midogo, na mbele mfuko wa usukani. Watu wafupi wenye fremu ndogo, ambao nafasi yao chini ya siti ni finyu, mara nyingi huishia hapo na hufanya vyema.

Hatua ya 4: Kila uzito na mahali pake

Kizito kikae katikati na chini. Kikubwa lakini chepesi kiende kwenye ncha. Kanuni ni fupi, lakini inafaa kujua kwa nini. Kitu kizito kilicho mbali na katikati ya baiskeli huwa kama jiwe kwenye ncha ya fimbo: kukianzisha kuzunguka ni kazi, na kukisimamisha ni kazi zaidi. Kilo mbili kwenye usukani utazihisi katika kila kona. Zile zile mbili zikiwa juu ya mhimili wa pedali utazisahau.

Mpangilio huu una umri. Juni 1897 wanajeshi 20 weusi wa Kikosi cha 25 cha Askari wa Miguu cha Marekani, wakiongozwa na luteni James Moss, waliondoka Missoula, Montana, kwa baiskeli na kufika St. Louis baada ya siku 41 na takribani kilomita 3,000 za tope, mchanga na mataruma ya reli. Blanketi na kipande cha hema walivifunga vikiwa vimeviringishwa mbele ya usukani, na ndani ya pembetatu ya fremu walitia kasha lililotengenezwa kwa umbo lake. Zaidi ya miaka 120 baadaye tunafunga vivyo hivyo.

Mfuko wa fremu ni ghala la vizito. Chini kabisa weka spana, cheni ya akiba, tyubu, kisha pawabenki, kisha chakula kizito. Ukiwa na vyumba viwili, upande wa cheni uwe wa vitu vya mara chache na upande wa pili uwe wa vile vyembamba kama ramani na karatasi. Vyenye ncha vifunge kwenye kitambaa, la sivyo vitatoboa mfuko wa maji ulio jirani.

Usukani upewe malazi: mfuko wa kulalia, godoro la kujaza upepo, nguo za usiku, pengine hema bila fito. Ni vikubwa, vyepesi, laini, na huvihitaji hadi jioni. Jaribu kutovuka kilo 3 au 4. Nyuma ya siti weka nguo, jaketi la baridi, chombo cha kupikia, vitu vinavyobonyea. Kwenye miguu ya uma weka vitu vilivyolingana uzito pande zote mbili. Tofauti ya nusu kilo tu utaiona ukiachia mkono mmoja.

Juu ya bomba la juu, karibu na usukani, kaa na vile vya saa hii: chakula cha mkononi, dawa ya jua, kifaa cha ramani. Mifuko miwili midogo ya mdomo wazi kando ya shina la usukani ni hazina. Ningeacha hema kabla ya kuiacha, kwa sababu ndiyo inayomlisha mtu bila kusimama.

Na mgongoni? Hapana. Begi la mgongoni hukulalia kwenye siti na viganja, na kufikia siku ya tatu ganzi ya vidole itakuwa imekueleza. Beba begi jepesi la kukunjwa, la gramu 100 hivi, ulitumie pale tu unaponunua chakula cha siku nyingi na kukisogeza kilomita chache. Mwilini viwe pasipoti, fedha na simu, kwenye kipochi cha kiunoni, na visibaki kwenye baiskeli hata dakika moja.

Hatua ya 5: Kukaza

Hapa ndipo safari huokolewa au kuharibiwa, kwa hiyo nenda taratibu.

Kabla ya mfuko wowote kufungwa, pangusa fremu na ubandike plastiki ngumu ya uwazi yenye gundi kila mahali ambapo ukanda utagusa. Vumbi likiingia chini ya ukanda huwa msasa. Kwenye nguzo ya siti ya kaboni hili si la urembo, kwa maana msasa huo hula nyuzi zenyewe.

Mfuko wa siti jaza kuanzia puani, ile sehemu nyembamba inayogusa nguzo. Tia humo kitu kigumu na kizito kiasi, kwa mfano sufuria yenye vitu ndani yake, na ushindilie kwa ngumi mpaka pasiwe na pengo. Pua iliyo laini ndiyo sababu ya kwanza ya kuyumba. Kisha nguo, ukisukuma hewa nje kwa goti, ndipo ukunje mdomo mara tatu au zaidi. Kaza kwanza mkanda wa nguzo, halafu mikanda ya reli, halafu ile ya kubana mkia. Rudi mwanzo uikaze tena, kwa sababu kila mkanda hulegeza mwenzake. Shika mkia wa mfuko na uutikise. Baiskeli nzima ikienda nao, umefaulu. Ukienda wenyewe, toa kila kitu uanze upya. Mfuko wa lita 10 huwa mtiifu, wa lita 16 uliojaa nusu hauna adabu hata kidogo, basi chagua mdogo unaojaa.

Mfuko wa usukani usiguse nyaya za breki na gia. Weka vipande vya sponji ngumu au mpira kati ya mfuko na usukani ili kuusogeza mbele, na uangalie kwamba hakuna waya uliopinda kwa ncha kali. Mkanda wa tatu, unaozunguka kichwa cha fremu, huzuia mfuko kuruka juu chini, na bila huo mikanda miwili ya juu itazunguka tu kama bawaba. Kisha geuza usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, na ubonyeze springi za mbele kwa uzito wako wote. Mfuko ukigusa tairi hata kidogo, upandishe au uupunguze. Taa ihamishe chini ya mfuko au juu yake.

Vibebeo vya uma vinahitaji tahadhari kubwa kuliko vyote. Mkanda ukilegea na ncha yake ikaingia kwenye spoki, gurudumu la mbele hufunga papo hapo na mtu huruka juu ya usukani. Tumia mikanda miwili kila mzigo, bizimu ziangalie nje, na ncha zilizobaki zifungwe au zikatwe. Mikanda ya mpira mgumu wenye matundu hushika vizuri kuliko ya nailoni, kwa kuwa huvutika kidogo na kuendelea kubana mzigo ukipungua. Vipande vya tyubu kuukuu vilivyokatwa kwa urefu hufanya kazi ile ile, na havizidi gramu chache. Bolti za kibebeo zipakwe gundi ya kuzuia bolti kulegea, ile ya kufunguka kwa spana ya kawaida, na zikazwe kwa nyutoni mita 4 hadi 5, kipimo cha nguvu ya kukazia kinachosomwa kwenye spana maalumu, au kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji.

Baada ya nusu saa ya kwanza ya kuendesha, simama. Vitu vyote vitakuwa vimeshajipanga upya na mikanda kuwa na ulegevu. Kaza tena. Kituo hiki kimoja huzuia nusu ya matatizo ya siku.

Hatua ya 6: Maji na chakula, mzigo unaobadilika

Lita moja ya maji ni kilo moja, wala hakuna kifaa cha kisasa kitakachobadilisha hilo. Penye joto unaweza kunywa nusu lita hadi lita nzima kwa saa, hivyo kipande kikavu cha saa sita kinaweza kukutaka lita tano. Hizo ni kilo tano ambazo asubuhi zipo na jioni hazipo, na baiskeli yako lazima itulie katika hali zote mbili. Kwa hiyo maji mengi yaweke chini: chupa chini ya bomba la chini, chupa kwenye uma, au mfuko wa maji ndani ya mfuko wa fremu. Ile ya chini ya bomba itapata matope, basi iwe na kifuniko cha mdomo. Mfuko wa maji uliojaa nusu husukasuka ndani kama bahari, na dawa yake ni kuutoa hewa yote kabla ya kufunga. Kunywa sawasawa kutoka chupa za uma, kushoto kisha kulia, ili uzani usiegemee upande.

Kwa chakula, jua kwanza umbali kati ya mahali pa kununua na mahali pengine, kwa siku, si kwa kilomita. Mafuta yana kalori 9 kwa kila gramu, wanga na protini 4. Kwa hiyo chakula kikavu chenye mafuta hukupa nguvu nyingi kwa nafasi ndogo. Kwa vyakula vikavu vya aina hiyo, bajeti ya gramu 800 hadi kilo moja kwa siku huwatosha wengi. Ondoa makasha ya karatasi kabla ya kuondoka, kwani yanabeba hewa tu. Acha nafasi tupu ya lita mbili au tatu mahali fulani, hata kama ni ukanda wa ziada juu ya mfuko wa siti, kwa ajili ya siku ile utakayonunua zaidi.

Mafuta ya jiko yakae nje ya mfuko wa chakula, wima, kwenye chupa yake yenye alama. Mtungi wa gesi haupandi ndege, panga kuununua ukifika.

Mvua, vumbi, umeme

Kitambaa kisichopitisha maji hakimaanishi mfuko usioingiza maji. Zipu na mishono ndiyo milango. Mdomo wa kukunjwa mara tatu na zaidi ndio ninaouamini. Malazi yatie kwenye mfuko wa pili ndani ya mfuko, kwa kuwa manyoya yakilowa hayana joto tena, na huko mbali hakuna pa kuyakausha. Nguo za usiku nazo vivyo hivyo. Vingine vyote vinaweza kulowa na maisha yakaendelea.

Zipu za mfuko wa fremu hufa kwa vumbi, na hufa haraka zaidi mfuko ukijazwa kupita kiasi. Kila jioni ya siku yenye vumbi zipige mswaki mkuukuu na kumwagia maji kidogo. Siku ziwapo kavu, paka nta ya mshumaa kwenye meno yake.

Pawabenki ya mAh 20,000 (kipimo cha chaji kilichoandikwa juu yake) ina takribani saa-wati 74 za nishati, nayo inatosha simu na taa kwa siku kadhaa. Mashirika ya ndege huruhusu hadi saa-wati 100 bila kibali maalumu, tena kwenye mzigo wa mkononi tu. Kuhesabu, zidisha mAh kwa 3.7 na ugawanye kwa 1,000. Ukienda kwa wiki nyingi mbali na umeme, dainamo ya habu, yaani iliyo ndani ya kitovu cha gurudumu, ya volti 6 na wati 3 huzalisha ukiendesha, lakini kwenye mlima mwendo ukiwa wa kutambaa hutoa kidogo sana.

Hatua ya 7: Jaribio, kabla ya safari

Ukimaliza kufunga, inua baiskeli yenye mzigo sentimita kumi na uiache idondoke kwa magurudumu mara tano. Sikiliza. Kila mlio una mwenyewe, mtafute. Ongeza upepo wa matairi kwa takribani asilimia 10, zaidi nyuma kuliko mbele. Kisha nenda kilomita 20 kwenye njia mbovu kuliko utakayoikuta, upande mlima ukiwa umesimama kwenye pedali, ushuke kwa breki. Breki zitahitaji umbali mrefu zaidi, na ni heri ulijue hilo nyumbani. Baiskeli ikianza kutetemeka kwa kasi kwenye mteremko, bana bomba la juu kwa magoti, punguza mwendo taratibu, na ukifika chini hamisha uzito kutoka juu na nyuma kwenda chini na katikati.

Baada ya hapo lala usiku mmoja nje na kila kitu. Funga hema gizani. Tengeneza tairi gizani. Asubuhi panga mizigo yote huku ukiangalia saa: mara ya kwanza saa nzima, ya tatu dakika 25. Ukirudi, gawa vitu mafungu matatu, yaani ulivyotumia kila siku, ulivyotumia mara moja, na ambavyo hukuvigusa. Fungu la tatu libaki nyumbani, isipokuwa dawa na vipuri.

Vipuri vya mzigo wenyewe watu huvisahau. Beba bolti nne za M5, bizimu mbili za kutengenezea zisizohitaji kushonwa, mikanda miwili ya ziada, vikanda vya plastiki vya kukaza kumi, sindano nene na uzi mgumu, klipu mbili za chuma, na mita moja ya mkanda wa gundi uliozungushwa kwenye pampu. Kwa klipu hizo na kigingi cha hema nimewahi kuunga keria iliyovunjika, ikaenda kilomita 300 hadi kwa mchomeleaji.

Njiani na ukirudi

Kila asubuhi, kabla ya kupanda, pitisha mkono juu ya kila mkanda na kila bolti, kwa mpangilio ule ule kutoka mbele kwenda nyuma. Dakika mbili zinatosha. Mahali pa kila kitu pasibadilike safari nzima, ili usiku wa mvua mkono ujue wenyewe taa iko wapi. Mshono ukianza kuachia, uushone jioni ile ile, ungali sentimita moja. Zipu ikifa kabisa, zungusha mikanda miwili kuizunguka fremu na mfuko, nawe utaendelea.

Nyumbani, fungua mifuko yote kutoka kwenye baiskeli, hata kama unaondoka tena wiki ijayo. Iogeshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uikaushe kivulini, uangalie chini ya kila ukanda kama fremu imesagika. Mfuko wa kulalia utoe kwenye kigunia chake uutundike ukiwa huru, manyoya yafumuke.